Tusimfungie mtoto mlango kwa sababu ya pampasi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie sharti lililoenea katika vituo vingi vya kulelea watoto wadogo mchana hapa Mwanza, linalosema kuwa mtoto hapokelewi mpaka awe ameacha kuvaa pampasi. Sharti hilo huwekwa kwenye fomu ya kujiunga, na mzazi ambaye mwanawe amefikisha miaka mitatu bila kuacha hurudishwa nyumbani akiambiwa akamfundishe kwanza. Mimi ni mlezi katika kituo kimojawapo wilayani Ilemela na watoto wa umri huo ndio kazi yangu ya kila siku. Naamini kwa dhati kwamba sharti hili linamwondoa mtoto mahali ambapo angejifunza kwa urahisi zaidi kuliko kwingine kokote, na ningependa wamiliki wa vituo, walezi wenzangu na wazazi walitafakari upya kabla ya fomu za mwaka ujao hazijachapishwa.

Mtoto huanza kuimudu haja yake pale mishipa ya fahamu inayounganisha kibofu, utumbo na ubongo inapokomaa, na ukomavu huo hauji kwa watoto wote kwa wakati mmoja. Wengi huonyesha dalili za kuwa tayari kati ya miezi 18 na miaka miwili na nusu: hukaa kavu kwa saa mbili hivi, huweza kushusha chupi wenyewe, huelewa maagizo mafupi, na husema au huonyesha kwa mkono kwamba wamechafuka. Wengine hufika miaka mitatu na nusu, hata karibu minne, bila kasoro yoyote mwilini, na wavulana kwa kawaida huchelewa kidogo kuliko wasichana. Daktari wa watoto wa Marekani, T. Berry Brazelton, alipochapisha mwaka 1962 taarifa za watoto 1,170 waliokuwa chini ya uangalizi wake, wastani wa umri wa kukaa kavu mchana ulikuwa miezi 28 na nusu, na huo ni wastani tu. Wapo waliotangulia na wapo waliochelewa sana. Kwa hiyo mtoto wa miaka mitatu anayevaa pampasi ni mtoto wa kawaida aliye upande wa wanaochelewa, na kumwita mzembe au mkaidi ni kumwonea.

Wazee wetu hupinga hoja hii, nami nawaheshimu, maana wanayosema ni kweli. Husema kwamba zamani mtoto aliacha kujikojolea kabla hata ya kutembea vizuri. Mwaka 1977 jarida la kitabibu la Pediatrics lilichapisha utafiti uliofanywa kwa Wadigo wa pwani ya Kenya, ukieleza jinsi mama alivyoanza kumzoesha mtoto akiwa na wiki chache tu tangu kuzaliwa: alikaa chini akanyoosha miguu, akampakata mtoto katikati akiwa amempa mgongo, akatoa sauti ya “shuu” kila alipohisi haja imekaribia, na mtoto wa miezi minne au mitano aliitikia sauti hiyo. Mafunzo ya namna hiyo yaliwezekana kwa kuwa mama alikuwa na mtoto mgongoni au mapajani mchana kutwa, akijua kila mnyumbuko wa mwili wake, na akiwa na shangazi, bibi na dada wakubwa wa kumpokea.

Mama wa leo wa Kirumba au Igoma yuko Mwaloni kabla ya jua kuchomoza akinunua dagaa, au yuko kwenye zamu ya kiwanda cha samaki, na mtoto amebaki na dada wa kazi ambaye huenda alifika mwezi uliopita na ataondoka baada ya sikukuu. Kila mlezi anapobadilika, mtoto huanza kusomwa upya na mtu asiyejua ishara zake. Juu ya hayo, pampasi ya siku hizi hunyonya mkojo vizuri mno hata mtoto hahisi unyevu, ilhali nepi ya kitambaa ilimwambia mara moja kwamba amelowa. Simlaumu mama anayetumia pampasi. Anayeteka maji kwa ndoo na kupanda nayo mlimani hawezi kuambiwa afue nepi kumi kwa siku. Nasema tu kwamba wazee wanalinganisha malezi mawili yasiyo na mazingira sawa, kisha lawama yote wanamwachia mama peke yake.

Sababu ninayoiona ikipuuzwa kuliko zote ni choo kigumu. Mtoto akipata siku moja haja kubwa ngumu, ikamuumiza na pengine ikamchana kidogo, siku inayofuata akihisi haja huamua kuizuia. Ukimwangalia wakati huo utamwona ameacha kucheza, amekwenda nyuma ya pazia au kwenye kona ya kabati, amesimama kwa ncha za vidole na kukaza magoti, mkono mmoja ameshika ukingo wa meza, uso umemwiva na jasho limemtoka juu ya mdomo. Mtu mzima akimwona husema anasukuma. Kwa kweli anajibana. Baada ya dakika chache ile haja hupita naye hurudi kwenye mchezo, lakini kinyesi kimebaki ndani, utumbo unaendelea kukifyonza maji, na kesho yake kitakuwa kikubwa na kigumu zaidi. Hali hiyo ikiendelea kwa wiki nyingi, sehemu ya mwisho ya utumbo hupanuka na kulegea mithili ya mpira wa chupi uliovutwa mara nyingi, na mtoto hupoteza ile hisia ya kujua kwamba amejaa. Hapo ndipo kinyesi chepesi hupenya pembeni mwa kile kigumu na kuvuja kwenye nguo bila yeye kufahamu. Mzigo huohuo hukandamiza kibofu, ndiyo maana watoto wengi wa namna hii hujikojolea pia mchana.

Mzazi akiona chupi imechafuka mara tano kwa siku hudhani mtoto anaharisha, akaenda duka la dawa kununua ya kuzuia kuharisha, na hapo tatizo hukazwa maradufu. Mwingine hudhani anafanya makusudi, akachukua fimbo. Ningemwomba kila mzazi wa mtoto aliyechelewa aanze kwa kujiuliza: mwanangu anapata choo mara ngapi kwa wiki, kikoje, na analia anapokwenda? Ikiwa ni chini ya mara tatu kwa wiki, au kinatoka kikubwa hata kuziba sinki la choo, au kimeambatana na damu, mafunzo ya poti yasubiri mpaka choo kiwe laini. Maji ya kunywa yaongezwe, pamoja na papai, embe, maharage, matembele na mlenda, ambavyo kwetu havikosekani sokoni. Maziwa ya ng'ombe, ambayo katika familia nyingi za Kisukuma ndiyo fahari ya kumlea mtoto, yasizidi nusu lita kwa siku, maana mtoto anayeshiba maziwa hali chakula kingine na choo chake hukauka. Baada ya chai ya asubuhi na baada ya chakula cha mchana, utumbo huamka wenyewe. Huo ndio wakati wa kumkalisha kwenye poti kwa dakika tano hadi kumi, nyayo zikiwa zimegusa chini na magoti yakiwa juu kidogo ya nyonga. Hayo yasipotosha, apelekwe zahanati au kliniki ya watoto, ambako anaweza kupewa dawa ya kulainisha choo. Mara nyingi dawa hiyo huhitajika kwa miezi kadhaa, hata baada ya choo kuonekana laini, kwa sababu utumbo uliopanuka huchukua muda kurudi. Wazazi wengi huikatisha mapema mno, kisha wakasema haikusaidia.

Wapo watoto ambao hukojoa kwenye poti bila shida lakini haja kubwa huomba wavalishwe pampasi kwanza. Ushauri wangu kwa mzazi wa mtoto huyo huwashangaza wengi: mvalishe. Afadhali ajisaidie kwenye pampasi kuliko ajibane siku nne. Baada ya hapo mhamishe polepole. Kwanza ajisaidie ndani ya pampasi akiwa chooni badala ya nyuma ya pazia, halafu akiwa amekaa juu ya poti na pampasi yake, halafu pampasi ifunguliwe kidogo, na mwishowe iwekwe tu ndani ya poti mpaka isihitajike. Huchukua wiki, wakati mwingine zaidi, na kila hatua huchukuliwa pale mtoto anapoonekana ametulia katika ile iliyotangulia. Pampasi inayotupwa kwa siku moja mbele ya macho yake, kwa maneno kwamba sasa amekuwa mkubwa, mara nyingi huzaa hasa kule kujibana nilikokueleza.

Tena tukitazame choo chenyewe kwa macho ya mtoto. Katika vilima vya mawe vya Igogo na Mabatini, ambako mwamba huzuia uchimbaji wa shimo, na katika nyumba nyingi za kupanga kote jijini, choo ni cha kaya kadhaa, kiko nje, kina giza, sakafu ina utelezi, na tundu lake limepimwa kwa miguu ya mtu mzima. Mtoto wa miaka mitatu anayeogopa kutumbukia hana wasiwasi wa kipuuzi. Poti ya plastiki yenye kitako kipana, iliyowekwa pale anapochezea, humwondolea hofu hiyo. Mwanzoni akae tu juu yake akiwa na nguo zake, asimuliwe hadithi, ainuke anapotaka. Hofu ya choo kikubwa itashughulikiwa baadaye akiwa amekwisha kujua kuachia haja kwa utulivu.

Hapa niseme neno kuhusu kinachotoka, kwa kuwa sisi ni watu wa ziwani. Imezoeleka kuamini kuwa kinyesi cha mtoto mdogo hakina madhara, hivyo poti humwagwa mtaroni na pampasi hutupwa katikati ya mawe. Mvua za masika zikinyesha, mitaro hiyo huingia Mto Mirongo na mto huingia ziwani, ambako watu huoga, hufua na kuchota maji. Mayai ya kichocho cha tumbo hutoka kwa kinyesi, kikiwamo cha mtoto, na vimelea vya kipindupindu husafiri kwa njia hiyohiyo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini kuanzia tarehe 1 Juni 2019, lakini pampasi, ambayo nayo ina plastiki isiyooza, imebaki mikononi mwa busara ya kila mmoja wetu. Kinyesi kikung'utwe kwanza chooni, pampasi ikunjwe na kufungwa, iwekwe kwenye taka zinazokwenda dampo, na mikono ioshwe kwa sabuni, ya mlezi na ya mtoto.

Nirudi kwenye adhabu, kwa sababu ndiyo inayoniuma zaidi. Bado tunao watoto wanaochapwa kwa kujichafua, wanaoimbiwa na wenzao uani, wanaobebeshwa godoro lililolowa mbele ya wapangaji, na wapo watu wazima wanaokumbuka kufungwa chura kiunoni ili waache kukojoa. Mtoto aliyetishwa hukaza misuli, na misuli iliyokazwa ndiyo inayozuia haja kutoka ipasavyo. Aibu humfundisha kujificha tu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, katika kifungu cha 13, inaeleza kuwa adhabu haihalalishiki pale ambapo mtoto, kwa udogo wa umri wake, hawezi kuelewa lengo la adhabu hiyo. Sijui mfano ulio wazi zaidi kuliko mtoto wa miaka mitatu anayechapwa kwa kinyesi ambacho hakuhisi kikitoka.

Kukojoa usiku ni jambo jingine kabisa na lisichanganywe na haya. Kati ya watoto 100 wa miaka mitano, takriban 15 bado hukojoa kitandani, wengi wao kwa kurithi kutoka kwa mzazi ambaye naye alichelewa, na madaktari kwa kawaida hawalihesabu kuwa tatizo kabla ya umri huo. Mtoto aliyekauka mchana aruhusiwe kuvaa pampasi ya usiku bila kusimangwa. Wanaopaswa kupelekwa kwa daktari bila kungoja ni yule ambaye mkojo humdondoka muda wote, anayelia akikojoa, anayekunywa maji kupita kiasi na kukojoa mno, ambaye miguu yake ni dhaifu, na yule aliyekuwa amekaa kavu kwa miezi sita au zaidi kisha akaanza upya ghafla. Huyu wa mwisho anaweza kuwa na maambukizi ya njia ya mkojo, anaweza kuwa ameyumbishwa na ujio wa mdogo wake au kuhama nyumba, na anaweza kuwa ametendewa jambo baya ambalo hana maneno ya kulisema. Naomba asikilizwe kabla ya kukaripiwa.

Sasa nije kwa wamiliki wa vituo. Natambua shida zao, kwani ni zangu pia: walezi ni wachache, kubadilisha pampasi huchukua muda, harufu huleta malalamiko, na mzazi mwingine hataki mwanawe akae karibu na aliyejichafua. Lakini kinachohitajika ni mkeka unaofutika, maji, sabuni, ndoo yenye mfuniko na poti chache, na mzazi atakubali kuleta pampasi na nguo za kubadilisha. Hata kituo kikiomba nyongeza ndogo ya ada kwa kazi hiyo, mradi iwe wazi tangu mwanzo, ni afadhali kuliko kumfungia mtoto mlango. Kwa familia yenye pato la kawaida gharama tayari ni kubwa: tukichukulia pampasi moja kuwa shilingi 500, na mtoto akatumia nne kwa siku, ni shilingi 60,000 kwa mwezi. Hakuna mama anayeendelea kulipa fedha hizo kwa uvivu.

Na kituo kina kitu ambacho nyumba nyingi hazina, yaani watoto wenzake. Baada ya uji wa saa nne sisi huwapeleka wote kwa pamoja, na yule aliyekataa poti nyumbani kwa miezi huketi bila kulazimishwa kwa sababu anaona wenzake watano wameketi, wakizungumza habari zao. Wiki ya kwanza hatoi chochote. Hatumsemeshi kuhusu hilo. Siku moja anatoa, anageuka kutazama, anaita mlezi aje aone, na kuanzia hapo kazi huwa imekwisha kuanza yenyewe. Hayo huwezi kuyapata kwa mtoto aliyerudishwa nyumbani kukaa na dada wa kazi na televisheni.

Kuna watoto ambao sharti hili huwafungia mlango moja kwa moja. Mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi, au mwenye mtindio wa ubongo, anaweza asiimudu haja yake akiwa na miaka mitatu, wala mitano, na wengine hawataimudu kamwe ingawa akili zao ni timamu na wana hamu ya kucheza na kujifunza. Sheria niliyoitaja inakataza kumbagua mtoto kwa ulemavu wake. Fomu inayosema “asiyeacha pampasi hapokelewi” inambagua bila hata kumtaja, na mama yake huikunja na kuondoka bila kuuliza swali la pili. Nawaomba Maafisa Ustawi wa Jamii, ambao ndio wanaosimamia vituo hivi, wazisome fomu hizo wanapokagua, kama wanavyokagua uzio na jiko.

Kwa vituo vitakavyokuwa tayari kubadilika kabla ya Januari, napendekeza sharti hilo liondolewe na mahali pake yaandikwe maneno haya: “Ikiwa mtoto bado anavaa pampasi, tafadhali tueleze anapata choo mara ngapi kwa wiki, anaonyeshaje kwamba ana haja, anatumia neno gani, na ni kitu gani kinachomtisha chooni, leta pampasi za kutosha na nguo mbili za kubadilisha, nasi tutamfundisha pamoja nawe.”

Wako katika malezi,

Mlezi wa watoto wadogo,
Ilemela, Mwanza